Pesa za barabara zimepitishwa, mbona fidia haijafika?

Kila nikipanda matatu Mtwapa kuelekea Kilifi, foleni ikishika tu, hakosi abiria wa kuuliza: "Si tuliambiwa pesa zimetoka? Zimeliwa!" Huenda zimeliwa, huenda hazijaliwa, mimi sina ushahidi. Ninachojua ni kwamba hilo neno "zimetoka" linatupoteza, kwa sababu barabara kuu hailipiwi kutoka mfuko mmoja.

Tuichukue barabara yetu hii. Ni sehemu ya ile barabara ya Afrika Mashariki ya kutoka Malindi hadi Bagamoyo, kupitia Mombasa, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga na Pangani. Desemba 2019, Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) iliidhinisha ufadhili wa awamu ya kwanza, yaani kilomita 175 hivi. Upande wetu ni kama kilomita 54 kati ya Mombasa na Kilifi. Zilizobaki ziko Tanzania, kati ya Mkange na Pangani. Gharama yote ilikadiriwa kuwa Euro milioni 399.7. Benki ilibeba asilimia 78.5, na Umoja wa Ulaya ukaipa Kenya ruzuku ya Euro milioni 30. Ukipiga hesabu, serikali zenyewe zilibakiwa na kama asilimia 14.

Ni fungu dogo, utasema. Lakini angalia kazi yake. Kwa kawaida wakopeshaji hulipia lami, madaraja na wahandisi wasimamizi. Fidia ya ardhi, na mara nyingi kuhamisha nguzo za stima na mabomba ya maji, huachiwa serikali ilipe kwa pesa zake. Na hizo ndizo kazi za kwanza. Tingatinga haliwezi kuingia kiwanja cha mtu ambaye hajalipwa, hata kama mabilioni ya mkopo yako tayari benki. Kwa hiyo fungu dogo ndilo linaloshika ufunguo wa fungu kubwa.

Hazina ya Taifa ikichelewa, mpango mzima hupinda. Mkandarasi hujenga pale pasipo na mgogoro, kilomita mbili huku, anaruka nyumba kumi, anaendelea kule. Mitambo inayokaa bure ana haki ya kuidai gharama, na malipo yake yakicheleweshwa anadai riba. Mikopo mingi hutozwa ada hata kwa zile pesa ambazo bado hazijachukuliwa. Wakati huohuo bei ya viwanja inapanda, watu wanajenga, na ule uthamini wa mwanzo unapitwa na wakati. Hapo wapangaji huanza kutafuta pa kupunguza, na mara nyingi macho huangukia barabara za pembeni, vivuko vya waenda kwa miguu na vituo vya matatu. Yaani vile vitu vya sisi tusio na magari.

Nina jirani ambaye ukuta wake ulipigwa alama nyekundu kwa ajili ya barabara fulani hapa Pwani, sitaitaja. Ana vyumba vinne vya kupangisha. Tangu siku ile wapangaji wawili wamehama, hakuna mpya anayetaka kuingia nyumba itakayobomolewa, na yeye haoni sababu ya kutia mabati mapya juu ya nyumba inayovuja. Hajabomolewa, hajalipwa. Hasara hii haimo katika bajeti yoyote niliyowahi kuisoma.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 40 cha Katiba kinataka fidia ya haki, ilipwe yote na bila kuchelewa. Lakini sheria ya thamani ya ardhi ya 2019 ilifafanua kwamba huko kutochelewa kunaweza kufika hadi mwaka mmoja tangu ardhi ichukuliwe. Na kwa sisi Wapwani, ambao wengi tumezaliwa juu ya ardhi isiyo na hatimiliki kwa majina yetu, kuna jambo muhimu zaidi. Kifungu hichohicho cha 40 kinaruhusu anayekaa kwa nia njema alipwe hata bila hatimiliki. Weka picha za nyumba, risiti za simiti, na barua ya mzee wa mtaa kama unaweza kuipata.

Uhaba wenyewe si wa barabara moja. Mwaka 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita ya mafuta. Baadaye serikali ikaamua kuweka Sh7 kati ya hizo kama dhamana ya kukopea Sh175 bilioni za kulipa madeni ya wanakandarasi. Wakandarasi wamepata afueni, sawa. Lakini shilingi zilizokwisha kuahidiwa wengine haziwezi kuziba mashimo ya mwaka ujao.

Kugawanya barabara vipande kwa wafadhili tofauti nako kuna gharama yake. Upanuzi wa Mombasa hadi Mariakani uligawanywa hivyo. Kilomita 11 hivi za kwanza hadi Kwa Jomvu, zilizofadhiliwa na AfDB, zilikamilika, huku kipande cha kuendelea hadi Mariakani, chenye wafadhili wengine, kikabaki nyuma kwa miaka. Malori yakitoka bandarini yalikuwa yanakimbia vizuri, halafu yanabanwa palepale Jomvu. Foleni ilihamishwa tu.

Kwa hiyo wakija tena kwenye baraza na kusema mabilioni yamepitishwa, mimi nitauliza fidia imetengewa kiasi gani katika bajeti ya mwaka huu wa fedha, na kati ya hizo ni ngapi zimeshafika Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Jirani yangu naye ana lake: atie mabati au asitie? Mvua za masika haziko mbali.