Kabla ya manjanja, uliza shenaji

Wakati wa kugawana pesa za likelemba na za AVEC, ukimuuliza mama atafanya nini na fungu lake, mara nyingi jibu ni moja: anataka kutoka katika nyumba ya mbao aingie katika nyumba ya dur. Ni haki yake. Mbao zinaoza, mwizi anazing'oa, na moto wa mbabula moja unaweza kumaliza avenue nzima kabla maji hayajafika. Lakini kuna jambo moja ambalo nyumba ya mbao inaliweza na nyumba nyingi za dur haziliwezi: kutikiswa bila kuua watu.

Tukumbuke Mei 2021. Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22. Lava ikasimama pembeni ya mji, nasi tukafikiri yamekwisha. Kumbe siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, mara mamia, na mitetemeko mikubwa zaidi ilifika karibu 5 kwa kipimo. Barabara zilipasuka Goma na ng'ambo, Gisenyi. Nyumba zilianguka. Tarehe 27 gavana akaamuru kartye 10 kati ya 18 zihamishwe, watu wakashika njia ya Sake, ya Rutshuru, ya Rwanda, na wengine wakapanda boti kwenda Bukavu. Baadaye wanasayansi walieleza kwamba magma ilikuwa imepenya chini ya mji wetu mpaka chini ya Ziwa Kivu, ikipasua miamba njiani. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitutikisa.

Usidhani basi kwamba volkano ikilala na matetemeko yanalala. Sisi tunaishi ndani ya bonde la ufa, mahali ambapo bara la Afrika linaachana polepole, milimita chache kwa mwaka. Tarehe 24 Oktoba 2002 tetemeko la 6,2 lilipiga upande wa Kalehe. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, tetemeko la 5,9 lilipiga karibu na Bukavu. Makumi ya watu walikufa, wengi upande wa Rwanda, na baadhi yao walikuwa kanisani, wakaangukiwa na jengo lenyewe. Kule Tanzania, Bukoba ilipigwa tarehe 10 Septemba 2016 na tetemeko la ukubwa huohuo.

Hapa mjini tumezoea kutazama bendera: kijani, njano, rangi ya machungwa, nyekundu. Bendera hizo ni za volkano. Wataalamu wa OVG wana mashine zinazosikia ardhi, lakini hakuna mtu duniani anayeweza kukuambia kwamba tetemeko litakuja Alhamisi saa nane usiku. Ujumbe wa namna hiyo ukifika kwenye simu yako, ufute, usiutume kwa dada yako.

Kile ambacho wataalamu wanaweza ni kukadiria. Wanachukua matetemeko yote yaliyoandikwa, nyufa zinazojulikana na aina ya udongo (udongo laini unatikisika zaidi ya mwamba), kisha wanachora ramani. Nchi nyingi zinatumia hesabu hii: ni mtikisiko gani una nafasi 1 kati ya 10 ya kupitwa ndani ya miaka 50? Nyumba inajengwa iweze kuuvumilia mtikisiko huo. Nafasi 1 kati ya 10 inaonekana ndogo, lakini miaka 50 ndiyo umri wa nyumba. Atakayekuwa amelala humo siku hiyo huenda ni binti yako na watoto wake.

Tazameni mwaka 2010. Januari, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7,0, na watu zaidi ya laki moja wakafa. Februari, Chile ilipigwa na la 8,8, lenye nguvu karibu mara 500 zaidi, na waliokufa walikuwa kama 500. Chile ina sheria za ujenzi ambazo mafundi wanazifuata kweli. Haiti kulikuwa na beto nyingi, feri kidogo.

Sasa tuje kwenye parsele yako. Ardhi ikitikisika inasukuma nyumba kwa ubavu, kwenda na kurudi. Bloki na mawe vinaweza kubeba uzito mkubwa kutoka juu, lakini ukivivuta au kuvisukuma kwa ubavu vinaachana. Kila ukuta unataka kwenda njia yake, pembe zinafunguka, na ukuta unaanguka nje au ndani. Mama aliyebeba kuni anajua: bila kamba mzigo unatawanyika. Shenaji ndiyo kamba hiyo. Ni mkanda wa beto wenye feri ndani, unaozunguka nyumba yote juu ya kuta bila kukatika, na mwingine chini juu ya msingi.

Maneno ya kumuuliza fundi ni haya. Je, feri zinapinda kwenye pembe na kuendelea upande wa pili, au zinaishia pale? Zikiishia pale, kamba haijafungwa. Feri mbili zikiungwa, zipitane kama nusu mita. Nguzo za pembe nazo zishikane na shenaji ya chini na ya juu. Na ni vizuri ukuta ujengwe kwanza, kisha nguzo imwagwe kati ya kuta, ili beto iume bloki. Madirisha yasikaribie pembe.

Halafu kuna maji. Bloki mpya na beto mpya vinahitaji kumwagiwa maji kila siku, angalau siku saba. Hapa Goma maji ni bidoni, bidoni ni pesa na mgongo, basi fundi anaruka hatua hiyo na bloki inabaki inavunjika kwa vidole. Wanaume wakipanga bajeti ya ujenzi, maji hayaandikwi. Andikeni ninyi.

Kama pesa haitoshi kwa feri, mimi naona demi-dur ni bora: ukuta wa mawe mpaka chini ya dirisha, juu mbao, na manjanja. Najua majirani watasema hujamaliza. Waache waseme. Nyumba nyepesi juu inasukumwa kidogo, na kikianguka kitu ni mbao. Ninachokiogopa ni etaji inayoongezwa juu ya nyumba ambayo tangu mwanzo haikuwa na shenaji.

Na wewe ambaye nyumba yako ya dur imekwisha jengwa bila shenaji, usikate tamaa. Angalia ile pembetatu ya bloki juu ya ukuta wa upande, chini ya paa. Hiyo huanguka mapema, na mara nyingi kitanda kiko chini yake. Inaweza kubomolewa na kuzibwa kwa mbao au manjanja, kazi ya siku chache. Kitanda cha watoto kihame leo, na kabati lifungwe ukutani. Ukuta wa parsele uliojengwa kwa mawe bila nguzo, watoto wasichezee chini yake.

Kwa wanaoanza kujenga, jambo la mwisho. Patana na fundi akuite kabla ya kumwaga beto ya shenaji, si baada. Nenda na mama mwingine wa kikundi, mhesabu feri kwa macho yenu na mzipige picha kwa simu. Malipo ya siku hiyo yatolewe baada ya picha.