Nakala si Akiba: Jinsi ya Kulinda Barua Pepe za Idara

Katika toleo hili tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa kompyuta, nalo ni uhifadhi wa nakala za barua pepe za chuo. Walimu na wanafunzi wa lugha tunaweza kudhani kwamba halituhusu. Hata hivyo, tukitazama kazi zetu za kila siku tutaona kuwa mali yetu nyingi imo humo: sura za tasnifu zilizorudishwa na maoni ya msimamizi, ngano zilizokusanywa nyanjani na kutumwa kama viambatisho, mitihani iliyopitiwa na watahini wa nje, na mawasiliano ya miaka mingi na wenzetu wa Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi. Kwa wengi wetu sanduku la barua limegeuka maktaba, na vilivyomo havipatikani mahali pengine.

Barua hukaaje ndani ya seva?

Zipo seva zinazoweka kila barua katika faili yake. Lakini seva kama Microsoft Exchange, ambayo imetumiwa na vyuo vingi, hukusanya masanduku ya watu wengi katika faili moja kubwa, yaani hifadhidata. Utaratibu wake unafanana na ule wa mwenye duka mwenye madaftari mawili. Kila mauzo huyaandika upesi katika daftari la siku, kisha baadaye huyahamishia katika daftari kuu. Exchange nayo huandika kila badiliko kwanza katika faili ndogo za kumbukumbu, ambazo tangu toleo la 2007 kila moja ina ukubwa wa MB 1, ndipo huliingiza katika hifadhidata.

Kutokana na utaratibu huu, mtu akinakili faili ya hifadhidata kama anavyonakili faili ya kawaida huku seva ikiendelea kufanya kazi, atashindwa, au atapata kitu kisichosomeka. Ni sawa na kunakili daftari kuu huku karani akiendelea kuandika: ukurasa wa kwanza utakuwa wa saa nne na wa mwisho wa saa tano, na hesabu hazitalingana. Programu iliyotengenezwa kwa kazi hii huiarifu seva kwanza. Seva husitisha uandishi kwa muda mfupi sana, picha ya hifadhidata huchukuliwa, kisha kazi huendelea.

Nakala kamili ikifaulu, faili za kumbukumbu zisizohitajika tena hufutwa. Isipofaulu kwa wiki kadhaa, faili hizo hurundikana, na siku diski itakapojaa, barua zitaacha kuingia. Kwa hiyo uzembe katika kuhifadhi nakala huweza kusimamisha hata huduma ya kila siku.

Kabati la pamoja

Nakala hizo ziwekwe wapi? Jibu la vyuo vyenye fedha chache limekuwa kabrasha la pamoja katika mtandao, yaani nafasi katika kompyuta nyingine ambayo seva mbalimbali huifikia kupitia waya za chuo. Ni njia rahisi, na ni bora kuliko kuacha nakala katika diski ileile yenye barua. Lakini ina hatari tatu ambazo inafaa tuzifahamu.

Ya kwanza ni nakala kufuta nakala. Programu ya Windows Server Backup, inayokuja pamoja na Windows ya seva, ikielekezwa katika kabrasha la mtandao hubakiza nakala moja tu. Nakala ya leo huandikwa juu ya ile ya jana. Umeme ukikatika katikati ya kazi, huenda ya jana imekwisha kuharibika na ya leo haijakamilika. Tena, barua iliyofutwa Jumatatu na kukumbukwa Ijumaa haitapatikana.

Ya pili ni mlango kuwa wazi. Kompyuta yenye ruhusa ya kuandika katika kabrasha ina uwezo pia wa kuharibu vilivyomo. Virusi vinavyofunga faili na kudai fidia mara nyingi hutafuta makabrasha ya pamoja pia. WannaCry ya Mei 2017 ilienea kwa kutumia udhaifu katika huduma hiyohiyo ya Windows ya kushirikiana faili. Februari 2019 mshambuliaji aliingia katika mitambo ya VFEmail, kampuni ya Marekani iliyotoa huduma ya barua pepe tangu 2001, akafuta diski za seva zake za huko pamoja na zile za nakala. Nakala zilikuwapo, lakini aliyefika kwenye barua alifika na kwenye nakala.

Ya tatu ni ujirani. Seva na kabati lake zikiwa chumba kimoja, radi moja, moto mmoja au mwizi mmoja hutosha kumaliza vyote viwili.

Funzo kutoka Gmail

Wengine watasema kwamba chuo kikihamishia barua zake kwa kampuni kubwa, shida imekwisha. Tarehe 27 Februari 2011 baadhi ya watumiaji wa Gmail, takriban asilimia 0.02, walifungua masanduku yao wakayakuta matupu. Google ilikuwa na nakala kadhaa katika vituo tofauti, lakini hitilafu katika toleo jipya la programu ya kuhifadhi data iliziathiri nakala hizo pia. Zilizookoa barua ni tepu zilizokuwa zimewekwa nje ya mtandao, mahali ambapo hitilafu hiyo haikuweza kufika. Urejeshaji ulichukua muda, lakini barua zilirudi.

Ya kufanya

Mafundi wana kanuni fupi ya 3, 2, 1: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali. Kwa idara au chuo chetu hii ina maana kuwa kabrasha la mtandao liwe hatua ya kwanza tu. Kila siku iwe na kabrasha lake, Jumatatu hadi Jumapili, ili ya leo isifute ya jana. Akaunti inayoandika nakala isitumiwe kwa kazi nyingine yoyote. Kila wiki nakala moja ihamishiwe kwenye diski ya nje, ichomolewe, na ipelekwe jengo jingine. Diski hiyo ifungwe kwa nywila, maana ina siri za watu wote. Mwisho, angalau kila muhula sanduku moja lirejeshwe kwa majaribio; nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Neno na jambo lenyewe

Katika orodha za istilahi tumekutana na nakala rudufu, nakala ya akiba na chelezo. Chelezo lina mvuto wake, kwa kuwa ni kitu kinachoelea, na aliyezamiwa na chombo hulitafuta hilo. Rudufu hutueleza tu kwamba kitu kimefanywa kuwa viwili. Sisi tunapendelea nakala ya akiba, kwa sababu inaeleza kusudi. Wahenga walisema akiba haiozi; lakini akiba iliyowekwa ndani ya nyumba inayoungua huteketea pamoja na nyumba.

Basi tunawaomba wasomaji mkutanapo na fundi wa chuo mumuulize maswali matatu: nakala ya barua zetu iko jengo gani, inarudi nyuma siku ngapi, na mara ya mwisho ilijaribiwa lini? Akiwa na majibu, mshukuruni. Akikosa, mwanafunzi aliye na tasnifu yake katika sanduku la barua asingoje: aipakue leo, aiweke mahali pengine.