Lufira: Mto unaompeleka msafiri mbali na migodi ya Likasi

Likasi inajulikana zaidi kwa vile vinavyochimbwa chini ya ardhi yake. Shaba na kobalti ndizo zilizoujenga mji huu wa mkoa wa Haut-Katanga, ulio umbali wa kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, na uliojulikana kwa jina la Jadotville wakati wa ukoloni wa Ubelgiji. Urani iliyotumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, si mbali na hapo.

Lakini mashariki mwa mji unapita mto ambao wageni wengi wa Katanga hawaujui hata kwa jina. Lufira huanzia karibu na mpaka wa Zambia, hupita upande wa Likasi, kisha huelekea kaskazini kati ya nyanda za juu mbili kabla ya kumwaga maji yake Lualaba, ambao ndio Mto Kongo wenyewe ukiwa bado mchanga. Katika njia yake kuna ziwa lenye ndege asiyejulikana kwingine duniani, maporomoko marefu mara tatu ya yale ya Victoria, na hifadhi mbili za taifa ambazo kwa ukubwa wake zingemeza nchi ndogo.

Hakuna basi la watalii linalofuata njia hiyo. Anayetaka kuiona husafiri kama wenyeji wanavyosafiri: kwa pikipiki, kwa mtumbwi na kwa miguu. Swali ni iwapo vitu hivyo vitaendelea kuwepo hadi wasafiri watakapoanza kuja kwa wingi.

Ziwa lililotengenezwa na binadamu

Kituo cha kwanza ni Ziwa Tshangalele. Si ziwa la asili. Lilitokea baada ya bwawa la umeme la Mwadingusha kukamilika mwaka 1930, likiwa limejengwa ili kuendesha viwanda vya madini. Maporomoko ya Cornet, yaliyokuwa fahari ya sehemu hiyo ya mto, yalipoteza maji yake, kwani yalielekezwa kwenye mitambo. Bonde la nyuma ya bwawa likajaa maji, matete na mafunjo, na vijiji vya wavuvi vikaota kando yake.

Huko Kapolowe, kati ya Likasi na Lubumbashi, samaki wa ziwa hili huuzwa kwa wasafiri wa barabara kuu na kupelekwa katika masoko ya miji yote miwili. Kwa mgeni, mvuvi ndiye mwongoza njia. Mtumbwi wake mwembamba hupita katika vichochoro vya matete ambako boti ya injini ingekwama, na yeye ndiye anayejua mahali viboko wanapolala mchana.

Wapenzi wa ndege wana sababu yao ya kufika hapa. Katika matete ya ziwa hili huishi mnana mdogo wa manjano mwenye uso mweusi, ambaye wanasayansi wanamwita Ploceus ruweti. Alikusanywa mara ya kwanza mwaka 1960, akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 1982, kisha hakuripotiwa tena kwa miaka mingi hadi watafiti walipomkuta tena mwaka 2009. Mwaka huohuo wa 1982 UNESCO iliitambua sehemu ya bonde la Lufira kuwa hifadhi ya bayongahewa.

Ziwa hilohilo pia hupokea maji yanayotoka upande wa viwanda vya Likasi. Tafiti za wanasayansi wa Lubumbashi zimeonyesha metali nzito katika samaki na viumbe wengine wa majini. Mgeni anayekula samaki na bukari kando ya ziwa kwa siku mbili hana la kuhofia sana. Mvuvi anayemla kila siku, na watoto wake, wako katika hali nyingine kabisa.

Njia ya misafara ya zamani

Kaskazini zaidi mto unaingia katika tambarare pana. Huku ndiko iliko Bunkeya, uliokuwa mji mkuu wa Msiri katika nusu ya pili ya karne ya 19. Msiri alikuwa mtu wa Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, aliyekuja na misafara ya biashara ya shaba na pembe za ndovu akaishia kujijengea ufalme. Biashara yake, ambayo ilihusisha pia watumwa, ilifika pwani ya Bahari ya Hindi upande mmoja na pwani ya Angola upande wa pili. Lugha ya Kiswahili ilipita katika njia hizo kabla ya reli na kabla ya mgodi.

Wazungu waliofika Bunkeya mwaka 1891 pia walijiita wasafiri. Msafara wa Kapteni William Stairs ulitoka pwani ya Bahari ya Hindi na mamia ya wapagazi, ukatembea kwa miezi kadhaa, na tarehe 20 Desemba mwaka huo Msiri akapigwa risasi na kuuawa. Katanga ikawa mali ya Mfalme Leopold wa Pili. Historia hiyo haijasahaulika, na uchifu wa Wayeke upo Bunkeya mpaka leo. Mgeni anayepita hapo huanza kwa kwenda kumsalimu chifu na kueleza anakokwenda. Huo ni utaratibu wa heshima, na pia ni ulinzi wake mwenyewe: habari ya mgeni aliyepokewa vizuri humtangulia katika vijiji vya mbele.

Maporomoko ya Lofoi

Mashariki mwa tambarare hiyo kunasimama ukuta wa Kundelungu, nyanda za juu zinazopita mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Juu ni nyasi na upepo. Ubavuni ni misitu ya miombo na makorongo. Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu ilianzishwa mwaka 1970, na hazina yake kubwa ni maporomoko ya Lofoi.

Lofoi ni kijito kinachofika ukingoni mwa nyanda na kuanguka kwa mstari mmoja karibu mita 340 hadi chini, kisha kikajiunga na Lufira. Kwa kulinganisha, maporomoko ya Victoria, kati ya Zambia na Zimbabwe, yana urefu wa mita 108. Tofauti ni kwamba Lofoi ni wembamba. Mwishoni mwa kiangazi maji hupungua hadi kubaki kama uzi, na mengi hugeuka ukungu kabla ya kugusa mawe.

Kuna namna mbili za kuyaona. Ya kwanza ni kutoka juu, kwa gari lenye uwezo wa kupita njia mbovu, ambako mtu husimama ukingoni na kutazama bonde chini ya miguu yake. Ya pili ni kutoka bondeni, kwa miguu, katika joto na nyasi ndefu, hadi chini ya ukuta wenyewe. Wanaochagua njia ya pili huhitaji mlinzi wa hifadhi au mwenyeji anayejua vivuko, maji ya kutosha, na siku ya ziada kwa ajili ya matatizo yasiyotarajiwa.

Muda unaofaa ni mfupi. Mvua za Katanga hunyesha takribani kuanzia Novemba hadi Aprili, na wakati huo barabara nyingi za udongo hazipitiki. Mei na Juni ndiyo miezi ambayo njia zimeanza kukauka na Lofoi bado ina maji. Usiku wa Juni na Julai juu ya nyanda ni wa baridi kali, jambo ambalo huwashangaza wanaodhani Kongo yote ni joto.

Mto si mahali pa mchezo

Mbele zaidi, kwenye njia ya Mitwaba, Lufira unaanguka tena Kiubo, safari hii kwa upana na kwa kishindo. Mtu akiona mto mkubwa wenye maporomoko na mapito ya mawe, hushawishika kufikiria kuuteremka kwa mtumbwi mwanzo hadi mwisho. Mito ya eneo hili imeshatoa onyo.

Desemba 2010, Hendri Coetzee wa Afrika Kusini, aliyekuwa miongoni mwa waongozaji hodari wa mitumbwi barani Afrika, alikuwa akiteremka Mto Lukuga pamoja na Wamarekani wawili. Lukuga unatoka Ziwa Tanganyika na kuingia Lualaba, katika iliyokuwa Katanga ya zamani. Coetzee hakuwa mgeni wa mito. Mwaka 2004 aliongoza kundi lililoteremka Mto Nile kutoka Uganda hadi Bahari ya Mediterania. Kwenye Lukuga, mamba alimnyakua kutoka katika mtumbwi wake na hakuonekana tena.

Wavuvi wa Lufira na Lualaba hawahitaji kusimuliwa habari hiyo. Wanajua saa za kuvuka, kingo za kuepuka, na sehemu ambazo mtumbwi lazima ubebwe begani. Katika maziwa ya bonde la Upemba, hasa Kisale, wapo wavuvi wanaoishi juu ya visiwa vinavyoelea vya mafunjo, wakijenga vibanda juu ya mimea iliyoshikana. Ujuzi huo ndio bima pekee anayoweza kuipata msafiri huku, na hauuzwi katika ofisi yoyote ya utalii.

Upemba na walinzi wake

Lufira unamalizia safari yake katika bonde la Upemba. Hifadhi ya Taifa ya Upemba iliundwa mwaka 1939, na leo ina eneo la kilomita za mraba 11,730. Kwenye nyanda zake za juu, karibu na Lusinga, wanaishi punda milia wanaotajwa kuwa wa mwisho nchini Kongo.

Chini, kwenye vinamasi, hali ni mbaya zaidi kwa mnyama mwingine. Lechwe wa Upemba, swala wa majimaji mwenye undugu na kuro, alitambuliwa kuwa spishi ya pekee mwaka 2005. Hapatikani nje ya bonde hili. Miongo mitano iliyopita walikuwa maelfu. Watafiti waliopita juu ya vinamasi kwa ndege ndogo walichapisha matokeo yao mwaka 2025, wakikadiria kuwa waliobaki hawafiki 100. Rubani na watafiti wake waliona kitu ambacho hakuna mtalii aliyekwishakiona, na huenda hakuna atakayekiona.

Sababu ni za kibinadamu. Kwa miaka mingi eneo la Mitwaba, Manono na Pweto liliitwa pembetatu ya mauti kwa sababu ya wanamgambo wa Mai-Mai. Walinzi wa hifadhi wameuawa kazini, wanyama wakawindwa kwa ajili ya nyama, na wachimbaji wakaingia ndani ya mipaka. Tangu mwaka 2017 hifadhi inasimamiwa kwa ushirikiano kati ya taasisi ya serikali ya uhifadhi, ICCN, na shirika la Forgotten Parks. Mwaka huohuo Rodrigue Katembo, aliyekuwa akiiongoza Upemba, alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman kwa kazi aliyoifanya awali Virunga. Hata hivyo usalama hubadilika, na hakuna anayepaswa kuelekea huko bila kuwasiliana kwanza na uongozi wa hifadhi.

Umeme au maji yanayotiririka

Sasa mto wenyewe unajadiliwa. Mradi wa bwawa la umeme la Sombwe, kwenye mapito ya Lufira katika eneo la Mitwaba, umewagawa watu. Wanaouunga mkono wanasema migodi na kaya za Katanga zina njaa ya umeme, na kwa hilo hawakosei: katika mitaa mingi ya Likasi na Lubumbashi, kukatika kwa umeme ni jambo la kawaida. Watetezi wa mazingira wanasema bwawa litafunika ardhi inayounganisha Upemba na Kundelungu, na kubadilisha mafuriko ya kila mwaka ambayo vinamasi na samaki wa chini hutegemea.

Mwadingusha ni ushahidi kwa pande zote mbili. Bwawa lile liliua maporomoko, likazaa ziwa, likalisha familia za wavuvi na kumpa makao mnana wa manjano. Lakini umeme wake ulijengwa kwa ajili ya viwanda, na karibu karne moja baadaye wapo wanakijiji wa jirani wanaokaa gizani, huku samaki wao wakibeba metali.

Utalii peke yake hautaiokoa Lufira. Wageni wanaofika Lofoi au Lusinga kwa mwaka ni wachache mno kushindana na mapato ya mgodi mmoja. Lakini kila anayemlipa mvuvi kwa siku mbili za mtumbwi, mwenyeji kwa kuongoza njia hadi chini ya Lofoi, au mama wa kijijini kwa chakula na mahali pa kulala, anaacha fedha mahali ambapo mto ukiwa hai una faida kuliko ukiwa umekufa. Kwa vijiji vingi vya kando yake, hiyo ndiyo hoja pekee inayoweza kuwekwa mezani siku watakapoulizwa maoni yao, ikiwa wataulizwa.