Nkambo, Tuanze na Kipi?

Likasi imezaa mwandishi ambaye ukipanga vitabu vyake mezani utakosa pa kuweka sahani. Ni Mudimbe. Alizaliwa hapa mwaka 1941, mji ukiitwa Jadotville, akafia Marekani mwezi wa nne mwaka 2025. Aliandika mashairi, riwaya na vitabu vizito vya fikra, kwa Kifaransa na baadaye kwa Kiingereza pia. Ndiyo sababu vijana wakinitembelea swali huwa lile lile: "Nkambo, tuanze na kipi?"

Kwanza jueni jina, msije mkapishana naye kwenye rafu. Wazazi walimwita Valentin-Yves. Mwaka 1972 Mobutu alipoyakataza majina ya Kikristo, akawa Vumbi Yoka. Herufi za mwanzo zikabaki V.Y., mjanja huyo! Kwa hiyo mkikuta jina hili au lile, mtu ni mmoja.

Wakubwa watawaambia muanze na The Invention of Africa cha mwaka 1988, kwa kuwa ndicho kilichomtangaza duniani. Msiwasikilize. Kitabu hicho kinauliza ni nani aliyeichora hiyo Afrika tunayoisoma: ni wamisionari, watawala na wataalamu kutoka Ulaya, na je, sisi wenyewe tukitaka kujieleza, hatuazimi maneno yao? Swali ni tamu, lakini njia yake inapita kwa wanafalsafa ambao hamjawahi kusikia hata majina yao. Kumpa mwanafunzi kitabu hicho kwanza ni kumlisha bukari mtoto asiyeota meno.

Shikeni riwaya. Ziko nne tu: Entre les eaux ya 1973, Le bel immonde ya 1976, L'Écart ya 1979 na Shaba Deux ya 1989. Wengi huzifuata kwa miaka. Mimi nasema anzeni na ya mwisho.

Shaba Deux inatokea Kolwezi, huko huko yanakotoka malori ya madini yanayotutimulia vumbi. Mkoa wetu ulikuwa ukiitwa Shaba, tangu 1971 hadi 1997. Mwezi wa tano mwaka 1978 wapiganaji waliokuwa na kambi zao Angola waliingia Kolwezi, na siku chache baadaye askari wa Ufaransa wakashuka kwa miamvuli. Waulizeni wazee nyumbani. Wengi watawaambia walikuwa wapi siku hizo na walikimbia wakiwa wamebeba nini. Sasa, mwandishi mwingine angetupa jenerali na ramani yake. Mudimbe anampa kalamu mtawa Mwafrika, Mère Marie-Gertrude, anayeandika daftari lake siku baada ya siku. Vita tunaviona kutoka ndani ya nyumba ya watawa, kati ya sala na kazi, kwa macho ya mtu asiye na bunduki wala habari kamili. Anaandika bila kujua kesho italeta nini, na wewe msomaji hujui pia.

Tena daftari lina faida kwa mnaosumbuliwa na Kifaransa. Limekatwa vipande. Someni kipande kimoja jioni, kwa sauti, mmoja asome na mwingine afuate kwa kidole. Neno gumu lipitieni, mbele litajieleza. Mwisho siwaambii.

Kisha chukueni Le bel immonde. Kuna waziri, kuna mwanamke wa baa, tuko Kinshasa wakati wa maasi ya miaka ya 60, na waasi wanataka mwanamke huyo awapelelezee waziri wake. Mtaona msimulizi anavyobadilisha kiti: mara anamsimulia mtu kwa mbali, mara anamsemesha "wewe" usoni. Msipoangalia mtapotea, rudini ukurasa mmoja nyuma. Hii ni ya walio miaka ya mwisho ya sekondari. Wadogo wasubiri, na wasijifanye hawakunisikia.

Entre les eaux iwe ya tatu. Padri Pierre Landu, aliyesomea Roma, anaacha parokia na kwenda msituni kwa waasi wanaomfuata Marx. Anaona Kanisa limekaa upande wa wenye nguvu. Kule msituni nako hawamwamini. Padri ni padri. Mudimbe mwenyewe alipokuwa kijana aliishi kwa Wabenedikto nchini Rwanda, kisha akatoka. Haandiki mambo ya kusimuliwa.

L'Écart imalizie. Mapema kabisa tunaambiwa Ahmed Nara amekufa, na tunachosoma ni madaftari aliyoyaacha. Alikuwa akitafiti historia ya Wakuba, na kila akifungua kitabu cha mtaalamu wa Ulaya anashindwa kukiamini, wala hapati pengine pa kusimama. Akili yake inaanza kuyumba. Mmeona? Ni lile swali la kitabu cha 1988, ila hapa limevaa mwili wa kijana asiyelala. Aliyemfuata Nara mpaka ukurasa wa mwisho sasa anaweza kukifungua kile kizito. Atakuta swali analijua tayari.

Mwalimu wenu wa Kifaransa akisikia nimewaanzisha mwishoni atanuna. Mwambieni aje tubishane, ila aje na Entre les eaux yake. Yangu iliazimwa na mmoja wenu.