Birika la Kifaransa na Kahawa ya Nyumbani Nairobi

Kahawa ya Kenya ilipandwa kwanza na mapadre Wafaransa mwaka 1893, huko Bura katika milima ya Taita. Wakati wa ukoloni Waafrika walizuiliwa kwa muda mrefu kuipanda, hata ruhusa ilipotolewa katika miaka ya 1930 kwa wakulima wa Kisii, Embu na Meru. Lakini kupanda ni jambo moja, na kunywa ni jingine. Mpaka leo sehemu kubwa ya kahawa hiyo huuzwa ng'ambo, na katika nyumba za mtaa wa Ayany, Kibera, kinachochemka asubuhi aghalabu ni chai ya maziwa. Hata apendaye kahawa hununua ile ya unga iyeyukayo majini, akidhani ya kuwa kahawa halisi hutaka mashine ya umeme. Sivyo.

Kiko chombo kiitwacho birika la Kifaransa. Ni birika refu la kioo, ambalo kifuniko chake kimepenywa na ufito wa chuma, na chini ya ufito huo pana kichujio cha waya mwembamba. Wafaransa wawili, Mayer na Delforge, walipata haki ya uvumbuzi wa chombo cha namna hii mwaka 1852, na Mwitalia Attilio Calimani akakitengeneza vizuri zaidi mwaka 1929. Halitaki umeme wala karatasi ya kuchujia. Tena si kama dele la pwani likaalo juu ya makaa. Birika hili halitiwi motoni kamwe, maana kioo kitapasuka.

Sasa liko jambo linalowapotosha watu wa Nairobi. Maelezo ya birika aghalabu husema ya kuwa maji yakisha kuchemka yaachwe yapoe kidogo, kwa sababu joto lifaalo kahawa ni digrii 92 hadi 96. Hayo ni kweli kwa mtu wa Mombasa, ambako maji huchemka kwa digrii 100. Lakini Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, na maji huchemka kwa digrii 94 hivi tu. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva huko kuliko pwani. Basi mpikaji wa Ayany akingoja, maji yatapoa mno na kahawa itakuwa chapwe, yenye uchachu, naye atamlaumu mwenye duka bure. Ayaache maji yachemke sawasawa, hasa yakiwa ya mtungi wa kununua, kisha ayamimine mara moja.

Kipimo ni vijiko vikubwa vitatu, vilivyosawazishwa, kwa kikombe cha robo lita. Birika lisuuzwe kwanza kwa maji ya moto, hasa katika baridi ya Julai. Kahawa ikorogwe, ifunikwe, iachwe dakika nne.

Kahawa yenyewe na iwe ya chenga, kama chumvi ya mawe. Unga laini huziba kichujio, na hapo ndipo penye hatari: mtu asukumaye kwa nguvu ufito uliokwama aweza kurushiwa maji ya moto, yeye au mtoto aliyesimama karibu na meza. Ufito ukikataa, uinuliwe kidogo, kisha ushushwe polepole kwa uzito wa mkono tu. Asiyepata chenga dukani anunue buni zilizokaangwa, azitwange katika kinu kidogo.

Ikisha kuchujwa imiminwe yote, kwani ikikaa juu ya mashapo huzidi uchungu. Yafaa pia ijulikane ya kwamba waya hupitisha mafuta ya buni ambayo karatasi ingeyazuia, na mafuta hayo huongeza kolesteroli katika damu. Aliyeonywa na daktari juu ya jambo hilo atumie karatasi, au apunguze vikombe. Mashapo yasimwagwe katika sinki, huziba bomba. Yachanganywe na udongo wa gunia la sukuma wiki.