Biashara Ikishtakiwa: Hesabu Siku 21, Kisha Weka Wakili

Mfanyabiashara wa korosho au ufuta wilayani Nachingwea au Ruangwa anayefikishiwa hati ya wito katika shauri la kibiashara anapaswa kwanza kuandika tarehe aliyoipokea. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inamtaka mdaiwa katika Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu kuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya siku 21 tangu alipopokea wito, si tangu alipompata wakili.

Anayeona atachelewa anaweza kuomba nyongeza ya siku 10 kabla ya muda kwisha, au ndani ya siku saba baada ya hapo, akieleza sababu za msingi. Akikaa kimya, shauri linaweza kuamuliwa kwa upande mmoja, na mali yake, likiwemo gari au shehena, ikakamatwa kulipia deni.

Kabla ya kulipa ada, mwananchi ahakiki jina la wakili katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Wakubaliane kwa maandishi kuhusu ada na gharama za safari, hasa shauri likiwa Mahakama Kuu, Mtwara, na kila malipo yawe na stakabadhi.

Siku ya kwanza ampelekee hati ya wito, mkataba, stakabadhi za ghala, risiti za benki na ujumbe wa simu kati yake na mdai, bila kuficha unaomuumiza. Kuweka wakili hakufungi mlango wa suluhu; pande zote bado zinaweza kupatana kwa njia ya usuluhishi.