Malaria: Mbu haanguki papo hapo, lakini chandarua kingali na kazi

Kutoka Uvira hadi Kindu, mtu akiona mbu ametua kwenye chandarua kisha akaruka zake, ni rahisi kusema kwamba chandarua hicho hakifai tena. Kuna wanaokikunja na kukiweka pembeni. Kandokando ya ziwa Tanganyika, kuna wanaokigeuza wavu wa kuvulia ndagala. Uamuzi huo unaweza kugharimu uhai wa mtoto.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, nyuma ya Nigeria. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2023 ugonjwa huu uliua watu 597 000 duniani, wengi wao wakiwa watoto wa Afrika wenye umri wa chini ya miaka mitano.

Mbu amezoea dawa

Kwa miaka mingi, vyandarua vilitiwa dawa za jamii moja, piretroidi, zinazoshambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Dawa za jamii hiyo hupuliziwa pia mboga na pamba mashambani. Mbu wachache waliozaliwa na uwezo wa kuzivumilia walibaki hai, wakataga mayai, na watoto wao wakarithi uwezo huo. Baadhi yao wana mishipa ambayo dawa haiishiki vema. Wengine wana vimeng'enya vinavyoivunja dawa mwilini kabla haijawaua.

Vyandarua vya kizazi kipya

Watafiti walijibu kwa njia mbili. Kuna vyandarua vilivyoongezwa PBO, kitu kinachozuia vimeng'enya hivyo visifanye kazi. Vingine vimeongezwa klorfenapiri. Dawa hii haigusi mishipa, bali huumaliza mwili wa mbu nguvu. Tena, vimeng'enya vile vile vinavyomkinga na dawa ya zamani ndivyo vinavyoigeuza hii kuwa sumu kali. Lakini inaua polepole: mbu anaweza kuruka na kufa hadi siku tatu baadaye, mbali na macho ya mwenye nyumba.

Huko Misungwi, karibu na Mwanza nchini Tanzania, utafiti uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika miaka miwili, visa vya malaria kwa watoto vilipungua kwa 44% mahali palipogawiwa vyandarua vya klorfenapiri, kulinganisha na palipogawiwa vya kawaida. Mwezi wa tatu mwaka 2023, OMS ilipendekeza vitumiwe pale ambapo mbu wanavumilia piretroidi.

La kufanya nyumbani

Hata chandarua cha zamani, kama hakijatoboka, ni ukuta kati ya mbu na mtoto. Tundu lishonwe mapema. Chandarua kifuliwe taratibu kwa sabuni isiyo kali na kuanikwa kivulini, kwani jua huharibu dawa. Na wakati wa ugawaji, familia imuulize RECO wa mtaa wao: hiki ni cha aina gani?